Shaba ya Kupakwa

Kila siku malori hupita katika barabara zetu yamebeba shaba. Yatoka Kamoto, yatoka Mutanda, yatoka Tenke na Fungurume. Hupita Likasi na Lubumbashi, huvuka mpaka Kasumbalesa, huingia Zambia, na kutoka huko huelekea baharini, mengine Dar es Salaam, mengine Durban. Na kwa njia ileile malori mengine hutuletea bidhaa za madukani: televizio, redio, simu, kompyuta, taa, na mizunguko ya waya wa umeme.

Haya, nenda sokoni ukanunue waya huo. Muuzaji atakuambia ni shaba safi. Chukua kisu, kwangua kidogo. Usishangae ukiona kwamba chini ya ule wekundu kuna weupe. Hiyo si shaba. Ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba, kama kaburi lililopakwa chokaa. Watu wa Kolwezi, wanaokaa juu ya shaba, wanaolala juu ya shaba, wauziwa waya usio shaba, nao wailipia bei ya shaba!

Wengine hucheka wakisikia jambo hili. Mimi sicheki. Alumini hupitisha umeme, lakini si kama shaba. Kwa unene uleule hupitisha kama sehemu 6 kwa 10 tu. Sasa mama awasha resho ya wati 2000 kwa umeme wa volti 220. Waya wapitisha ampea 9 na zaidi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 waifanya kazi hiyo bila kuchoka. Lakini waya wa alumini, tena mwembamba kuliko ulivyoandikwa, huanza kupata moto. Plastiki yake hulainika. Penye maungio moto huzidi, kwa maana alumini hulegea chini ya skrubu, na huota kutu nyeupe inayozuia umeme. Hapo ndipo nyumba huungua usiku. Asubuhi majirani husema, "Ni kurenti imeleta moto." La, siyo kurenti! Ni waya. Na waya haukujiuza wenyewe.

Basi leo nataka tuseme wazi juu ya vitu vya umeme vya bei ndogo: jinsi tunavyovinunua, jinsi tunavyokaa navyo, na jinsi tunavyodanganywa. Nasema kwamba maskini ana haki ya kununua kitu cha kweli. Nasema pia kwamba sisi wa Kolwezi, kuliko watu wengine wote, hatuna udhuru wa kununua bila kupima.

SISI NI WATU WA MIZANI

Zamani, kabla ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, wazee wa nchi hii walichimba jiwe la kijani, wakaliyeyusha katika tanuru za udongo, wakamimina shaba katika kalibu na kupata misalaba. Misalaba ile ilikuwa fedha. Ilisafiri mbali kwa biashara. Mtu aliyepokea msalaba alijua alichokipokea, kwa kuwa thamani yake ilikuwa ni ile shaba yenyewe aliyoishika mkononi, wala hapakuwa na karatasi ya kubandika juu yake.

Na leo je? Mchimbaji wa mkono akipeleka mifuko yake Musompo, hakubali mnunuzi aitazame kwa macho tu. Ataka mizani. Ataka ile mashine ya kupimia kiasi cha madini, ile ambayo watu huiita Metorex. Na mashine ikisema asilimia 1 pale ambapo mchimbaji ajua kwamba jiwe lake lina 3, hupiga kelele. Huchukua mfuko wake kwenda kwa mnunuzi mwingine. Kelele hiyo ni ya haki. Anayepunja mizani ni mwizi, hata kama amevaa shati jeupe.

Lakini mtu huyohuyo, saa mbili baadaye, aingia dukani. Atoa dola alizozipata kwa jasho ndani ya shimo. Apewa sanduku la rangi, limefungwa. Juu yake pameandikwa maneno makubwa. Hafungui. Hapimi. Haulizi. Alipa na kwenda zake. Asubuhi alikataa kuibiwa kwa mizani, na jioni aibiwa kwa karatasi iliyobandikwa.

Mbona hivyo? Je, dola zikisha kuingia mfukoni hupoteza uzito wake?

KARATASI HUSEMA UONGO, UZITO HAUSEMI

Tuchukue mifano, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba naongea hewani.

Kuna zile bateri za mfukoni za kuchajia simu. Juu yake huandikwa 20000, au 30000, au hata 50000. Namba hiyo ni kiasi cha umeme kinachowekwa ndani, kwa miliampea-saa. Sasa jua hili: ndani ya nyingi kati ya bateri hizo kuna vipande vya duara, na kipande kimoja kizuri cha aina hiyo chawekea kama 3500 tu, nacho kina uzito wa gramu 45 au zaidi. Hivyo 20000 ya kweli yahitaji vipande 6. Mara 45, ni gramu 270, kabla hujaongeza sanduku lake. Ukiambiwa ni 20000 na kitu chenyewe ni chepesi kama kipande cha sabuni, umekwisha kupata jibu. Tena kumewahi kufunguliwa bateri za namna hii, ikaonekana zimejazwa mchanga ili ziwe nzito. Kwa hiyo pima uzito, halafu pima na kazi yake: simu ngapi zajaa kabla haijaisha?

Kuna bateri kubwa za nyumba zenye jua. Bateri ya risasi na asidi ya volti 12, yenye ampea-saa 100, huwa na kilo 25 hadi 30. Kijana akiibeba begani huku akiimba, hiyo si 100.

Kuna paneli za jua. Siku hizi paneli nzuri hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba, jua likiwa kali. Hivyo wati 100 zahitaji nusu ya mita ya mraba. Ukionyeshwa paneli yenye ukubwa wa kibao cha mtoto wa shule, na imeandikwa wati 100, usigombane na mtu. Toa futi yako, pima, sema asante, uondoke.

Kuna flashi za kuwekea maandishi na picha. Hapa uongo umefika mbali sana, maana kitu chenyewe kimefundishwa kudanganya. Ukiiingiza katika kompyuta, huandika kwamba ina nafasi kubwa ajabu. Kumbe ndani nafasi ni ndogo sana. Unapoendelea kuweka maandishi, ya zamani yafutwa polepole, nawe huambiwi neno. Fikirini mwanafunzi aliyeandika TFC yake kwa miezi mingi, akaiweka humo, na siku ya kwenda kuichapa akuta kurasa tupu. Nani atamlipa miezi ile? Kuna programu za bure za kuipima, kama H2testw na F3. Na asiye na programu, na aijaze flashi yote kwa filamu, halafu azifungue moja moja mpaka mwisho. Zikifunguka zote, ni nzima.

Mwishowe kuna chaja. Mwaka 2016 kampuni ya upimaji iitwayo UL, ya Marekani, ilipima chaja 400 zilizoigizwa kwa jina la Apple. Kati ya hizo, 397 zilishindwa mtihani. Na 12 zilikuwa mbaya hata zingeweza kumwua mtu kwa umeme. Chaja nzuri hutenga umeme mkubwa wa ukutani na umeme mdogo wa simu. Vyuma viwili havikaribiani ndani. Chaja ya kuigiza huviweka karibu kama majirani wasio na ukuta kati yao. Ndiyo sababu huwa nyepesi, na ndiyo sababu mtoto mwenye mikono maji akigusa simu inayochajiwa hutetemeka.

Mwaona, ndugu zangu, si elimu ya chuo kikuu. Ni mizani, futi, kisu na saa. Vitu vyote hivyo tunavyo.

"MASKINI HANA LA KUCHAGUA"

Sasa nawasikia wafanya biashara. Wasema, "Wewe mwandishi, acha kutuchongea. Watu wenyewe wataka bei ndogo. Tukileta kizuri, hawanunui."

Nawajibu hivi. Kuuza kitu kidogo kwa bei ndogo si kosa. Uza waya wa alumini, lakini sema ni alumini, na uweke bei ya alumini, mtu ajue asiweke resho juu yake. Uza bateri ya 5000, andika 5000. Nani atakulaumu? Kosa ni kuuza kidogo kwa jina la kikubwa. Maskini alikuomba bei ndogo, hakukuomba uongo. Na kama kweli hawataki kitu kizuri, mbona karatasi zenu zote zaandika kwamba ni kizuri?

Halafu wapo wanunuzi wenyewe, wasemao kwa uchungu, "Nina dola 2 leo, sina 10. Nifanye nini?" Neno hili ni zito, wala halifai kudharauliwa. Watu wenye mshahara husema kwa wepesi kwamba rahisi ni ghali, kama kwamba maskini hajui. Ajua sana. Lakini tuhesabu pamoja, kwa mfano. Chaja ya dola 2 yafa baada ya miezi 2. Kwa mwaka ni chaja 6, dola 12. Kwa miaka 3 ni dola 36, na labda simu moja iliyoharibika. Chaja ya dola 10 ikikaa miaka 3, umelipa 10 tu. Basi anayelipa zaidi mtaani ni yule mwenye fedha kidogo. Ametozwa kodi, na hakuna aliyempa karatasi ya kodi.

Dawa yake ni ipi? Dawa tunayo. Mama zetu wa Manika na Dilala hufanya likelemba. Huweka pamoja kila juma, na mmoja hupokea. Kwa likelemba watu hununua mabati na kulipa shule. Kwa nini wasinunue kwa njia hiyo betri moja ya kweli, au kompyuta moja ya watoto wote wa uani? Tena watu 10 wakienda pamoja dukani, muuzaji hawasemi ovyo. Mmoja huletewa kiti na maneno matamu. Kumi huletewa mizani.

AIBU YA OKAZIONI

Kuna ugonjwa mwingine, nao ni wetu wenyewe. Twaona haya kununua kitu cha okazioni. Kijana ataka kompyuta mpya, yenye plastiki ing'aayo, ili wenzake waione. Basi anunua mashine mpya ya bei ndogo kabisa. Ndani ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, tena imeunganishwa kwa risasi katika ubao, huwezi kuiongeza. Mahali pa kuwekea maandishi ni gigabaiti 64, nako kumeunganishwa vilevile. Baada ya mwaka mmoja imejaa, yatambaa kama konokono. Bateri ikifa, fundi aifungua na kukuta gundi. Hapo mashine ni takataka, nayo haijamaliza hata miaka miwili.

Wakati huohuo, katika duka la pili, kuna kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya miaka 5 au 6: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Ni nzito, haipendezi macho, rangi yake yafanana na jiwe. Lakini ilitengenezwa kwa watu wa kazi. Nyingi kati yake hufunguliwa kwa skrubu. Kumbukumbu yaweza kuongezwa. Diski yaweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Bateri yaweza kubadilishwa. Fundi wa mtaani aijua kama ajuavyo baiskeli. Sasa niambieni, ipi ni mpya na ipi ni nzee?

Tena sasa ni wakati wake. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Windows 11 hukataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 au 2018. Kwa hiyo ofisi za ng'ambo zatupa kompyuta nzima kabisa, kwa sababu tu hazipokei programu mpya. Mashine hizo huja kwetu. Ziweza kufanya kazi miaka mingi kwa programu ya bure iitwayo Linux. Lakini muuzaji mwaminifu yampasa kumwambia mnunuzi jambo hili, asimfiche. Na mnunuzi asiwe mjinga: awashe mashine, aitoe katika umeme, angoje nusu saa akiitumia, aone bateri inavyoshuka. Ajaribu kila herufi. Atazame kioo kikiwa cheupe chote, na kikiwa cheusi chote. Aingize flashi katika kila tundu. Muuzaji akikasirika, hasira yake ndiyo jibu.

Sisemi kwamba kila kitu cha okazioni ni kizuri. Hasha! Kontena nyingine ni jalala la wenzetu lililofungwa kufuli. Nchi za Afrika zilifanya mkataba huko Bamako mwaka 1991 ili bara letu lisitupiwe takataka zenye sumu. Televizio nzito za zamani, zenye kioo cha risasi ndani, hazina faida tena kwa mtu. Ni mzigo wa sumu. Kwa hiyo neno ni lilelile: pima.

KURENTI YETU NA VITU VYETU

Lakini hata kitu cha kweli chaweza kufa Kolwezi kabla ya siku zake, kwa sababu ya kurenti. Jambo hili ni la kuumiza moyo. Hapa karibu, juu ya mto Lualaba, bwawa la Nzilo lilimalizika mwaka 1952, na Nseke mwaka 1956. Mwaka 1982 ilifika njia ya umeme kutoka Inga, karibu kilometa 1700, na mwisho wake ni hapa Kolwezi. Nguzo zake zapita juu ya vijiji vingi visivyo na taa hata moja. Na sisi tulio mwisho wa njia twajua delestaji kuliko tujuavyo majira ya mvua.

Migodi ina mashine zake kubwa za kuizalishia umeme. Mtu wa Kasulo au Kanina hana. Kwake kurenti huondoka bila kuaga, na hurudi kwa nguvu kama ng'ombe aliyekatika kamba. Jioni, watu wote wakiwasha resho, volti 220 hushuka sana. Usiku wa manane hupanda. Friji na televizio hufa namna hiyo.

Basi tufanye nini? Kwanza, kurenti ikiondoka, chomoa vitu. Ikirudi, ngoja dakika 5 au 10, ndipo uchomeke; friji ndiyo iwe ya mwisho. Pili, kabla ya kununua, soma maandishi madogo nyuma ya kitu. Kikiwa kimeandikwa volti 100 hadi 240, chaweza kuvumilia umeme dhaifu wa jioni. Kikiwa kimeandikwa 220 peke yake, chahitaji stabilizatere. Na stabilizatere nayo pima kwa uzito, maana ndani yake yapaswa kuwa na shaba ya kweli. Nyingine ni sanduku lenye taa na sindano tu. Tatu, bateri ya risasi ya jua usiinyonye mpaka mwisho. Ukiitumia hadi nusu ukaijaza tena, yakaa miaka. Ukiikausha kila usiku kwa ajili ya mpira na filamu, yafa kabla ya mwaka kwisha. Hilo si kosa la muuzaji. Hilo ni letu.

NA WAKUBWA JE?

Wengine watasema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Kweli, ni kazi yake pia. Lakini tutazame namna ilivyofanywa huko na huku.

Kenya, mwishoni mwa mwezi wa 9 mwaka 2012, simu za kuigiza zilizimwa zote. Tanzania ilifanya hivyo mwezi wa 6 mwaka 2016. Nia ilikuwa njema. Lakini nani aliyeamka asubuhi akiwa na simu iliyokufa mkononi? Siye tajiri aliyeleta kontena. Ni mama muuza mboga, aliyeinunua kwa uaminifu bila kujua. Yule wa kontena fedha yake alikuwa amekwisha kuihesabu.

Na kwetu, mwaka 2020, ilianzishwa ile kodi ya simu iliyoitwa RAM, yaani kuandikisha simu. Sababu moja iliyotajwa ilikuwa kupambana na simu za kuigiza. Fedha zilikatwa katika uniti za watu. Watu walipiga kelele, na wabunge nao, hata mwaka 2022 ikaondolewa. Je, simu za kuigiza zilitoweka katika soko la Kolwezi? Jibu mnalo wenyewe.

Mwaona kosa liko wapi? Mzigo huwekwa juu ya mtu wa mwisho, yule asiye na nguvu. Nchi yetu inayo ofisi ya OCC, ambayo kazi yake ni kupima bidhaa. Malori mengi hupita mpaka mmoja, Kasumbalesa. Lori moja lina mizunguko mingi ya waya. Ni rahisi zaidi kukwangua waya mmoja mpakani kuliko kuzima moto katika nyumba mia. Pimeni pale, mbele ya mwenye lori, naye alipe. Hapo hamtahitaji kumkata mama uniti zake.

Tena sikieni hili. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Kobalti hiyo huingia katika bateri za simu. Tangu mwaka 2016, shirika la Amnesty International lilipotangaza habari za watoto wachimbao, wanunuzi wa Ulaya na Marekani huuliza: kobalti hii imetoka wapi, imechimbwa na nani? Huleta wakaguzi mpaka kwenye mashimo yetu. Ni vema. Lakini kama wao wana haki ya kuuliza jiwe letu limetoka wapi, sisi pia tuna haki ya kuuliza simu yao imetoka wapi, imetengenezwa na nani, na kwa nini imekufa baada ya miezi minne. Njia hiyo isiwe ya kwenda tu. Na iwe ya kurudi pia.

MAMBO YA KUFANYA

Nimalize kwa maneno machache ya kazi, maana maneno bila kazi ni moshi.

Wenye maduka, wekeni meza ya kupimia mbele ya duka, yenye umeme, mizani na futi. Mwenye kuuza kweli haogopi meza hiyo. Andikeni risiti yenye jina la kitu, tarehe, na siku ambazo kitu kikifa mtakirudisha. Muuzaji asiyetaka kuandika jina lake juu ya karatasi amekwisha kutuambia habari ya mali yake.

Wanunuzi, msinunue waya usiokwanguliwa. Msinunue bateri isiyopimwa. Msimtume mtoto kununua chaja. Mkidanganywa, msinyamaze kwa aibu. Waambieni majirani duka gani na kitu gani, mkiwa na kitu chenyewe mkononi, ili msimsingizie mtu.

Mafundi, mnajua kuliko sisi sote yaliyo ndani ya masanduku haya. Mwambieni mtu ukweli kabla hajanunua, si baada. Na bateri iliyovimba msiitoboe wala msiitupe motoni. Moshi wake ni sumu na moto wake hauzimiki kwa maji kidogo. Bateri za risasi msizivunje uani mahali watoto wachezapo. Risasi huharibu akili ya mtoto, na akili hiyo hakuna fundi wa kuitengeneza.

Walimu, wafundisheni watoto kusoma karatasi iliyo nyuma ya kitu: volti, ampea, wati. Wengi wao wajua kusoma majina ya wachezaji wa mpira wote, lakini hawajui kusoma chaja. Somo la nusu saa latosha.

Na wewe, baba, uliyekataa mizani ya uongo Musompo, ukataye mizani ya uongo dukani pia. Jasho lako ni moja. Kama lilikuwa na thamani ulipouza, lina thamani ileile unaponunua. Chukua kisu chako, ukwangue waya, utazame rangi iliyo chini.